Dakika 45 Nilizozipoteza Nikitafuta Kadi

Nilimwaga mkoba wote kitandani. Zikatoka funguo, kalamu mbili, leso, chaja ya simu na risiti zilizokunjamana. Pochi haikutoka. Nikaukung'uta mkoba, nikaugeuza ndani nje, nikapapasa kila kifuko kana kwamba pochi nzima inaweza kujificha kwenye mshono. Ndipo nilipoiona zipu ya ubavuni. Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na zipu ile mimi siiachi wazi. Nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama kwenye basi lililojaa, mkoba ukiwa mgongoni.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Dada, funga kadi ya benki kwanza," akaniambia.

"Ngoja nitafute. Isije ikawa nimeiacha ofisini."

Jibu hilo ndilo lililoniponza. Baada ya hapo nilipoteza dakika 45, na ninazijua kwa hesabu kwa sababu baadaye nililazimika kuzieleza benki, moja baada ya nyingine. Nilimpigia mwenzangu wa kazini akarudi kuangalia chini ya meza yangu. Nilifungua mkoba mwingine ambao sikuwa nimeubeba wiki nzima. Nilitoka na tochi kuifuata njia niliyojia, mpaka kituoni, nikimulika pembeni mwa barabara. Muda wote huo simu ilikuwa mkononi mwangu, na simu hiyohiyo ndiyo ambayo ingeweza kuifunga kadi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuifunga. Uvivu haukuwepo. Kuifunga niliona kama kukubali kwamba imeibiwa, na moyo wangu ulikuwa bado unakataa. Tena nilikuwa na hofu ya usumbufu: kuomba kadi mpya, kusubiri siku kadhaa, kujaza fomu, halafu pengine pochi ionekane nyuma ya kiti. Watu wengi niliozungumza nao tangu siku ile wameniambia walifikiri hivyohivyo. Ukipoteza kitu, mwili wote unataka kukitafuta. Mwizi anaijua tabia hiyo, na dakika unazozitumia kutafuta ndizo dakika zake za kufanya kazi.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani simu ilipotetemeka. Ujumbe wa benki: kadi yangu imelipia kitu, kiasi kidogo sana, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nilisimama palepale na tochi ikiwaka. Kabla sijamaliza kuusoma ukaja wa pili, kiasi kinachokaribiana na kile cha kwanza. Baada ya dakika chache wa tatu. Kisha wa nne, na huo haukuwa mdogo. Ulikuwa wa ununuzi wa mtandaoni.

Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu aliyeiba kadi anaanza na vitu vidogo. Sasa naelewa. Kadi nyingi za siku hizi unazigusisha tu kwenye mashine ya malipo, na kwa kiasi kilicho chini ya kikomo fulani mashine haikuulizi namba ya siri. Kikomo hicho hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila utaratibu ni uleule. Ukigusisha mara kadhaa mfululizo, au jumla ikifika mahali fulani, ndipo kadi inadai namba ya siri. Kwa hiyo mwizi hahitaji kuijua namba yako ili aanze. Anagusisha hapa, anagusisha pale, kila mara chini ya kikomo. Malipo yale ya kwanza pia humwonyesha kwamba kadi bado iko hai na mwenyewe bado hajashtuka.

Ule muamala wa mtandaoni ndio ulionifanya niitazame kadi kwa jicho jingine kabisa. Nilichukua kadi ya mdogo wangu nikaigeuza mkononi. Upande wa mbele kuna jina lake, namba 16 na tarehe ya kuisha muda. Upande wa nyuma kuna tarakimu tatu. Hivyo ndivyo baadhi ya maduka ya mtandaoni yanavyokuomba, hakuna zaidi. Yaani kadi imebeba mlango na ufunguo wake kwenye kipande kimoja cha plastiki. Yapo maduka mengi yanayosubiri pia namba ya uthibitisho itumwe kwenye simu yako, na hayo yamewaokoa wengi. Lakini yapo yasiyosubiri, na mwizi anayajua kuliko sisi. Tangu siku ile, ninapopata kadi mpya naziandika tarakimu tatu za nyuma kwenye daftari linalokaa nyumbani, kisha nazifunika kwenye kadi kwa kipande kidogo cha karatasi ya gundi. Mtu anayeishika kadi kwa dakika moja hazioni.

Nilipofika nyumbani nilikuwa natetemeka. Nikataka kupiga benki, na hapo nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja: namba ya huduma kwa wateja niliyoizoea ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi. Kadi ameondoka nayo mwizi, na namba ameondoka nayo.

Nikaingia mtandaoni nikaandika jina la benki yangu na maneno "namba ya simu". Yakaja majibu mengi, na la juu kabisa lilikuwa na namba ya simu ya mkononi ya kawaida. Kidole kilikuwa tayari kinashuka kuibonyeza, mdogo wangu akaushika mkono wangu.

"Hiyo siyo ya benki, dada. Benki gani inatumia namba kama ya mtu binafsi?"

Ninamshukuru mpaka leo. Matapeli huweka namba zao mtandaoni wakijifanya huduma kwa wateja wa benki fulani, kwa sababu wanajua kwamba mtu anayetafuta namba hiyo usiku ana hofu na hasomi vizuri. Ukiwapigia, wewe mwenyewe ndiye uliyewatafuta, kwa hiyo huwashuku. Tulitafuta taarifa ya akaunti ya zamani niliyokuwa nimepewa na benki kwa karatasi, tukaikuta kwenye bahasha kabatini, na namba ilikuwa chini ya ukurasa kwa maandishi madogo.

Kwenye simu, sauti iliyorekodiwa ilitaja kadi iliyopotea au kuibiwa mapema kabisa, kabla ya mambo mengine. Nikabonyeza. Mhudumu aliyepokea alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinisaidia kupumua. Aliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, muamala wa mwisho nilioufanya mimi mwenyewe, na mahali nilipoitumia kadi mara ya mwisho. Hakuniuliza namba ya siri. Hili naomba ulishike, kwa sababu lilikuja kunifaa siku iliyofuata.

Kisha akaniuliza, "Nikuzuilie kwa muda au niifute kabisa?"

Sikujua kama kuna tofauti. Akanieleza kwa subira. Kuzuia kwa muda ni kama kugeuza ufunguo: malipo mapya yanakataliwa, lakini ukiipata kadi unaifungulia na inaendelea na kazi, namba ileile. Kuifuta ni jambo lisilorudi nyuma. Kadi ile inakufa hata kama utaiokota kesho, na unaandaliwa nyingine yenye namba mpya. Kwa kuwa miamala ya mwizi ilikuwa imeshaanza kupita, akanishauri kufuta, na mimi nikakubali. Lakini nilipokata simu niliganda kwenye neno lile moja, "kwa muda". Kama ningejua kwamba kufuli la aina hiyo lipo, na kwamba lilikuwa ndani ya programu ya benki kwenye simu yangu siku zote, ningelibonyeza nikiwa bado nimesimama mbele ya mkoba uliomwagwa kitandani. Halafu ningetafuta pochi usiku kucha kwa amani. Hofu yangu yote ya usumbufu ilikuwa ni hofu ya kufuta. Kuzuia hakuna usumbufu wowote.

Mhudumu alinipa namba ya kumbukumbu. Niliiandika, pamoja na saa, dakika na jina alilojitambulisha nalo. Wakati ule nilifanya hivyo kwa sababu tu mkono ulikuwa unahitaji kitu cha kufanya. Wiki mbili baadaye karatasi ile ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote nilichopeleka benki.

Maana malipo ya mwizi hayarudi yenyewe. Unaenda tawini, unajaza fomu ya kupinga miamala, unaorodhesha kila mmoja kwa tarehe na kiasi, na mara nyingi wanataka taarifa ya polisi. Nilikwenda polisi asubuhi yake. Wengine hudhani hakuna haja kwa kuwa pochi haitapatikana, lakini karatasi ile ni ushahidi kwamba ulilalamika siku fulani saa fulani, na pia inakusaidia kupata kitambulisho kingine. Kwenye fomu ya benki kulikuwa na sehemu iliyoniuma kuijaza: uligundua saa ngapi kwamba kadi imepotea, na ulitoa taarifa saa ngapi? Nikaandika saa zote mbili kama zilivyokuwa. Kati yake kulikuwa na zile dakika 45, na miamala minne yote ilikuwa imekaa humo.

Niliambiwa kwamba swali hilo ndilo linaloamua mengi, na nilipofuatilia nikakuta ni hivyo karibu kila mahali. Marekani wana sheria ya mwaka 1978 inayohusu uhamishaji wa fedha kwa njia za kielektroniki. Kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue imepotea, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa zaidi ya hapo inaweza kufika dola 500. Ukiacha siku 60 zipite tangu utumiwe taarifa ya akaunti yenye miamala hiyo na usiseme kitu, yatakayochukuliwa baada ya hapo yanaweza kuwa mzigo wako wote. Uingereza mteja anaweza kubebeshwa hadi pauni 35 za miamala iliyofanyika kabla hajatoa taarifa, na Umoja wa Ulaya hadi euro 50. Lakini Uingereza na Umoja wa Ulaya kinga hiyo humponyoka mtu aliyefanya uzembe mkubwa, kwa mfano kuweka namba ya siri pamoja na kadi. Nchi yako inaweza kuwa na utaratibu mwingine, au benki yako ikawa na masharti yake ndani ya mkataba uliousaini bila kuusoma. Usomeni. Mimi niliusoma baada ya kuibiwa, nikiwa nimekaa kwenye benchi la tawini, na nikakuta mstari unaosema kwamba miamala inayofanyika baada ya mteja kutoa taarifa ni jukumu la benki. Kila kitu kilisimama kwenye dakika ile ya simu.

Nilirudishiwa sehemu ya fedha, baada ya wiki kadhaa. Ule ununuzi wa mtandaoni ulirudi wote kwa sababu duka halikuomba uthibitisho wowote. Miwili kati ya ile midogo haikurudi.

Lakini kilichokaribia kunimaliza kilikuja siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wakati nimeshajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Simu iliita. Mwanamume mwenye sauti ya heshima, akanisalimia kwa jina langu kamili. Akasema anapiga kutoka kitengo cha usalama cha benki yangu, akaitaja benki. Akasema pole sana kwa kuibiwa kadi jana. Akanitajia tarakimu nne za mwisho za kadi, na zilikuwa sahihi. Akasema kuna mtu anajaribu kuhamisha fedha zote zilizobaki sasa hivi, na ili azuie atanitumia namba kwa ujumbe, nimsomee.

Ujumbe ukaingia kweli, kutoka kwa benki yangu halisi, palepale ambapo meseji zao zote huingia. Nikaanza kusoma. Nilitamka tarakimu mbili. Macho yangu yakateremka kwenye mstari wa chini wa ujumbe uleule: usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki.

Nikanyamaza. Akasema, "Dada, endelea, muda unatuishia." Sauti ikawa imebadilika kidogo, imekuwa na haraka. Nikakumbuka yule mhudumu wa jana na utulivu wake, na kwamba hakuniuliza siri yoyote. Nikakata.

Kisha nikakaa chini nikafikiri. Alijuaje jina langu? Limeandikwa kwenye kadi. Benki? Imeandikwa kwenye kadi. Tarakimu nne za mwisho? Kwenye kadi. Na namba yangu ya simu? Ndani ya pochi kulikuwa na kadi zangu tatu za kazi, zile unazompa mtu mkikutana. Kila kitu kilichonifanya nimwamini alikuwa amekisoma kwenye pochi yangu. Benki waliniambia baadaye kwamba namba ile ilikuwa ya kubadilisha neno la siri la huduma ya benki mtandaoni. Kadi ilikuwa imefungwa, lakini akaunti ilikuwa bado na mlango mwingine, na alihitaji mimi nimfungulie.

Kwa hiyo mtu aliyeibiwa kadi asidhani kazi imeisha akishaifunga. Siku mbili tatu zinazofuata ndizo za kuwa macho zaidi, kwa sababu sasa yupo mtu anayejua kwamba umeibiwa, na anajua kwamba unasubiri simu ya benki. Akipiga yeyote, hata kama unahisi ni wao kweli, kata. Piga mwenyewe kwa namba uliyo nayo. Kama walikuwa wao watakuambia, na hawatakasirika. Na laini yako ya simu ikikosa mtandao ghafla bila sababu, usisubiri mpaka jioni, wasiliana na kampuni ya simu kwa simu ya mtu mwingine. Kuna wezi wanaohamisha namba ya mtu kwenye laini nyingine ili meseji za uthibitisho ziende kwao.

Wiki ile nilikwenda kwa mama. Nilimsimulia yote, akatikisa kichwa, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu." Nikamwomba nione pochi yake. Akanipa bila wasiwasi. Ndani kulikuwa na kadi, na nyuma ya kadi, kimekunjwa mara nne, kikaratasi chenye tarakimu nne kwa mwandiko wake mzuri wa zamani.

"Mama, hii ni namba ya siri?"

"Nitaikumbukaje sasa?"

Sikumgombeza. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, na mashine kwa kawaida inakuruhusu kukosea mara tatu tu, kwa hiyo mwizi anayebahatisha hana lake. Kikaratasi kile kinaifuta kinga yote hiyo. Vilevile tarehe ya kuzaliwa, kama kitambulisho kimelala kwenye pochi hiyohiyo. Mwizi anaanza na mwaka wako, halafu siku na mwezi, na majaribio matatu yanamtosha. Yangu mwenyewe ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa mwanangu, na picha yake ilikuwa kwenye pochi imeandikwa tarehe kwa nyuma. Nilishukuru kwamba hakufika kwenye mashine ya kutolea fedha kabla sijafunga.

Nilimweleza mama kwamba hata tarakimu hizo kuwa nne, inasemekana kumetokana na mke wa mtu kuhurumiwa. Mashine ya kwanza ya benki ya kutolea fedha ilizinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. John Shepherd-Barron, Mskoti aliyeiongoza kazi hiyo, alisimulia baadaye kwamba alitaka tarakimu sita, lakini mkewe alimwambia wakiwa mezani kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Mama alilipenda jambo hilo. Akasema, kumbe si mimi peke yangu. Tukatafuta namba ambayo haikuandikwa popote kwenye maisha yake ya karatasi: tarakimu za mwisho za namba ya simu ya mezani ya ofisi aliyofanya kazi miaka mingi, ambayo ilishakatwa zamani. Hiyo anaikumbuka hata akiamshwa usingizini. Tukaenda pamoja kuibadilisha, nikamwonyesha jinsi ya kufunika vitufe kwa kiganja cha mkono mwingine wakati anabonyeza. Kikaratasi akakichana mwenyewe.

Pale kwenye mashine nilimweleza na jambo lililompata rafiki yangu mmoja. Kadi yake ilimezwa, haikutoka. Akatokea kijana mwenye adabu aliyekuwa nyuma yake, akasema hata yangu ilifanya hivyo jana, ingiza tena namba ya siri huku unabonyeza kitufe cha kughairi. Akaingiza, kijana akiwa begani kwake. Haikutoka. Akaondoka kwenda kuwaita wahusika. Ndani ya tundu la kadi kulikuwa kumetegwa kipande chembamba cha plastiki kilichoishika kadi. Alipogeuka tu, kijana aliitoa, na namba alikuwa ameshaiona. Kadi ikimezwa, usiondoke mbele ya mashine kabla hujaifunga kwa simu, na mtu yeyote anayekuja kukusaidia mwombe asogee mbali. Si utovu wa adabu.

Kadi yangu mpya ilipofika nilidhani nimeanza ukurasa safi, kumbe hapana. Huduma mbili nilizokuwa nazilipia kila mwezi zilikwama kwa sababu namba ya kadi imebadilika, na moja ilikuwa karibu kukatwa kabla sijajua. La tatu lilinishangaza zaidi: huduma niliyokuwa nimesahau kabisa iliendelea kukata kwenye kadi mpya bila mimi kuipa namba. Niliuliza. Ipo mipango kati ya mitandao ya kadi na wafanyabiashara inayowapelekea namba mpya ya mteja ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kwa hiyo kubadilisha kadi hakukuondolei malipo usiyoyataka. Lazima uyasitishe kwa wenyewe. Nilitumia jioni nzima na taarifa za akaunti za miezi kumi na miwili, nikipitia mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Siku hizi pochi yangu ni nyembamba. Kadi moja tu hutoka nami, na akaunti yake ina kiasi cha matumizi ya wiki. Nyingine inabaki nyumbani, kwa sababu usiku ule nilibaki sina hata njia ya kupata nauli mpaka mdogo wangu aliponipa. Kikomo cha manunuzi ya mtandaoni nimekishusha mpaka chini kabisa kwenye programu, nakipandisha nikiwa na cha kununua, kisha nakishusha tena. Namba ya benki ipo kwenye simu yangu, kwenye simu ya mdogo wangu, na nyuma ya mlango wa kabati. Meseji ya kila muamala imewashwa, hata ya kiasi kidogo. Wengine huzizima kwa sababu zinasumbua. Zile zilizonishtua njiani zilikuwa hizohizo ndogo.

Mara moja tangu wakati ule nimeikosa kadi tena. Nilikuwa safarini, nikapapasa mfukoni, haipo. Sikutafuta. Nilitoa simu, nikafungua programu, nikabonyeza kitufe cha kuzuia, nikaona maandishi yanasema kadi imezuiwa. Haikuchukua dakika moja. Kisha ndipo nikaanza kuinua vitu. Niliikuta kesho yake ndani ya kitabu nilichokuwa nasoma, nimeiweka kama alama ya ukurasa.

Mama naye alitaka kuona kitufe hicho. Tulikaa kwenye kochi, nikamshikisha simu yake, nikamwacha atafute mwenyewe. Miwani ikiwa puani, akapita kurasa mbili, akarudi, akapita tena, akakipata. Akabonyeza. Picha ya kadi yake kwenye skrini ikafifia ikawa ya kijivu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Na hela zangu zipo?"

"Zipo, mama. Hazijaenda popote. Ukibonyeza tena inafunguka."

Akafikiri kidogo, akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

"Basi iache hivyohivyo. Nitaifungua Jumatatu nitakapokwenda kuitumia."